Mzazi wa siku 16 mwenye troponini ya 86: uchambuzi wa kisa

Kisa kinachochambuliwa hapa kimetungwa kwa ajili ya kufundishia. Hakimhusu mgonjwa mmoja anayeweza kutambulika, bali kimekusanya mambo ambayo daktari wa zamu katika hospitali ya rufaa ya mkoa nchini Tanzania anaweza kukutana nayo usiku mmoja. Nimekipanga hivi kwa sababu kosa lililomo ndani yake halikutokana na uzembe: kila aliyehusika alifanya alichofundishwa, na alikifanya upesi, ila jibu la maabara lilipewa uzito wa utambuzi kabla mgonjwa hajaulizwa maswali yaliyobaki.

Usiku wa kwanza

Mwanamke wa miaka 31 aliletwa idara ya dharura saa nane usiku na mama yake. Alikuwa amejifungua mtoto wa pili kwa upasuaji siku 16 kabla, na tangu aruhusiwe kurudi nyumbani alikuwa bado yumo ndani ya arobaini yake, akilala muda mwingi kwa kuwa kidonda kilimuuma kila alipojaribu kukaa au kutembea. Usiku huo aliamka kwenda msalani. Kabla hajafika mlangoni pumzi zilimkatika ghafla, kifua kikambana, macho yakaingia giza, naye akashikilia ukuta ili asianguke. Hakuwa na historia ya presha wala kisukari, hakuwahi kuvuta sigara, na mimba zote mbili zilikwenda bila kifafa cha mimba.

Alipopimwa, mapigo ya moyo yalikuwa 118 kwa dakika, shinikizo la damu 104/68, alikuwa akipumua mara 28 kwa dakika, oksijeni ilisoma asilimia 89 akiwa anavuta hewa ya kawaida, na joto la mwili lilikuwa nyuzi 37.2. Mapafu yalisikika safi pande zote mbili. Naomba msomaji alishike jambo hilo la mwisho, kwa sababu mtu anayekosa oksijeni kiasi hicho huku mapafu yake yakisikika safi ana tatizo ambalo mara nyingi haliko kwenye vifuko vya hewa, bali kwenye mishipa inayopitisha damu kandokando ya vifuko hivyo.

Kipimo cha umeme wa moyo kilifanyika ndani ya dakika 10, kama inavyotakiwa. Kilionyesha moyo unaokwenda mbio kwa mpangilio wa kawaida, na mawimbi ya T (sehemu ya mchoro inayofuata kila pigo) yaliyopinduka kwenye V1 hadi V4 pamoja na III, ambayo ni majina ya pande ambazo kipimo hicho huutazamia moyo. Sehemu ya ST, ile ya mchoro iliyo kabla ya wimbi la T, haikunyanyuka popote. Damu ilipelekwa maabara, na baada ya saa moja jibu likaja kwa simu: troponini T, protini ya msuli wa moyo inayovuja kwenye damu msuli huo unapoumia, kwa kipimo chenye usikivu wa juu ilikuwa nanogramu 86 kwa lita, wakati kikomo cha juu cha watu wenye afya kwa kipimo hicho ni 14. Kwenye faili likaandikwa neno moja, “chanya”, na chini yake utambuzi: mshtuko wa moyo usio na kunyanyuka kwa ST. Alipewa aspirini miligramu 300 na klopidogreli miligramu 300 za kuzuia chembe za kugandisha damu, atovastatini ya kushusha lehemu, na kidonge cha naitreti cha kupanua mishipa chini ya ulimi kwa ajili ya kifua kilichobana.

Dakika kama 10 baada ya kidonge hicho shinikizo lilishuka hadi 82/50, akalowa jasho na midomo ikapauka. Miguu iliinuliwa, mililita 250 za maji zikaingizwa kwenye mshipa, oksijeni ikaongezwa, na baada ya dakika chache shinikizo likarudi 100/64. Tukio hilo liliandikwa kuwa ni “athari ya dawa”, na ni kweli ilikuwa athari ya dawa, lakini haikuulizwa kwa nini kidonge kidogo ambacho wagonjwa wengi hukivumilia kilimwangusha mwanamke kijana asiyetumia dawa nyingine yoyote ya presha.

Namba inasema nini

Troponini ni kundi la protini tatu, C, I na T, zilizopangwa juu ya nyuzi za msuli, na kazi yake ni kuruhusu msuli ubane na kulegea kadiri kalisiamu inavyoingia na kutoka. Umbo la I na T lililomo ndani ya moyo ni tofauti na lile la misuli ya mikono na miguu, na tofauti hiyo ndiyo iliyoipa troponini heshima kuliko vimeng'enya vilivyoitangulia. Mwaka 1954 madaktari walianza na kimeng'enya cha AST, ambacho hutoka pia kwenye ini. Baadaye vikaja vimeng'enya vya misuli, CK na CK-MB. Na mwaka 1989 kundi la Hugo Katus nchini Ujerumani likaeleza kipimo cha troponini T. Bado wapo wanaoomba CK-MB “ili kuthibitisha”, na kwa mzazi ombi hilo linaweza kupotosha, kwa kuwa mji wa mimba na kondo la nyuma vina CK-MB ya kwao, na uchungu au upasuaji wa kujifungua huweza kuipandisha kwa muda mfupi bila moyo kuguswa. Troponini haina udhaifu huo. Kwa mwanamke aliyejifungua, ikipanda, imetoka moyoni.

Ila kukijua kiungo kilichoumia si kuujua ugonjwa uliokiumiza. Damu ikionekana kwenye mkojo tunajua njia ya mkojo imeumia mahali fulani, na hata Kanda ya Ziwa, ambako kichocho ni cha kawaida, daktari makini hatoi dawa ya kichocho kwa kila mkojo mwekundu bila kuuliza umri, maumivu na uzito uliopungua. Troponini inastahili adabu ileile. Inapovuja kwenye damu inatuambia kwamba chembe za msuli wa moyo zimeumia, na hapo maelezo yake yanakoma. Zinaweza kuwa zimeumia kwa sababu mshipa unaozilisha umeziba, au kwa sababu zimekosa oksijeni mwili mzima ulipokosa oksijeni, au kwa sababu zimenyooshwa kupita kiasi na shinikizo, au kwa sababu zimeshambuliwa na virusi, sumu, au kinga ya mwili yenyewe.

Maelezo ya Nne ya Kimataifa kuhusu mshtuko wa moyo, yaliyotolewa mwaka 2018 na vyama vya magonjwa ya moyo vya Ulaya na Marekani pamoja na shirikisho la dunia, yametenganisha mambo haya kwa uwazi ambao haujafika bado kwenye faili zetu nyingi. Troponini iliyozidi kikomo, yaani ile namba ambayo asilimia 99 ya watu wenye afya wako chini yake, huitwa jeraha la msuli wa moyo. Jeraha hilo ni la ghafla iwapo namba inapanda au inashuka kati ya kipimo na kipimo, na ni la muda mrefu iwapo inabaki mahali pamoja, kwa mabadiliko yasiyozidi asilimia 20. Ili jeraha la ghafla liitwe mshtuko wa moyo, lazima kuwe na ushahidi kwamba msuli umekosa damu: dalili zinazolingana na hali hiyo, mabadiliko mapya kwenye kipimo cha umeme, sehemu ya ukuta wa moyo iliyoacha kubana kwa namna inayofuata eneo la mshipa fulani, au bonge lililoonekana ndani ya mshipa wenyewe.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli wa kisa hiki, na sipendi kuupita haraka. Mtu akitumia vigezo hivyo kama orodha ya kuweka alama za vema, mgonjwa wetu anafaulu. Troponini imezidi kikomo, kipimo cha pili, saa tatu baadaye, kilisoma 112, yaani ongezeko la asilimia 30, kifua kilibana, mawimbi ya T yamepinduka. Daktari wa zamu angeweza kufungua mwongozo na kuonyesha kila mstari. Lakini kifua huweza kubana kwa sababu nyingi, na mawimbi ya T yaliyopinduka kuanzia V1 yakiambatana na III yanaelekeza kwenye ventrikali ya kulia, chumba cha moyo kinachosukuma damu kwenda mapafuni, iliyoelemewa kuliko kwenye mshipa uliosongwa upande wa kushoto. Mshipa mkubwa wa mbele unaposongwa, wimbi la T kwenye III kwa kawaida halipinduki pamoja na V1. Vigezo vinaeleza mshtuko wa moyo unavyotambuliwa baada ya daktari kufikiri. Havikuandikwa ili vichukue nafasi ya kufikiri.

Maelezo hayohayo yanakubali pia kuwa si kila mshtuko wa moyo unatokana na utando wa mafuta uliopasuka ndani ya mshipa. Aina ya kwanza ndiyo hiyo ya utando uliopasuka. Aina ya pili hutokea pale ambapo mahitaji ya msuli yamezidi damu inayoufikia, mathalani kwa mtu aliyetoka damu nyingi au ambaye moyo wake umekimbia kwa saa kadhaa. Wataalamu hubishana iwapo mgonjwa kama huyu wetu awekwe kwenye aina ya pili au aandikiwe tu jeraha la ghafla. Mimi naona ubishi huo una faida ndogo pembeni ya kitanda. Aina ya kwanza ndiyo inayohitaji aspirini, klopidogreli na mtambo wa kuchunguza mishipa ya koronari, ile inayoulisha moyo wenyewe. Katika hali nyingine zote, tiba ni ya kile kilichosababisha, na kama hatujakitafuta hatuna tiba.

Asubuhi

Kwenye mzunguko wa wodi mgonjwa aliulizwa swali ambalo usiku halikuulizwa: kabla ya kukata pumzi, ni nini kingine kilichokuwa kikimsumbua? Alijibu bila kusita kwamba mguu wa kushoto ulikuwa ukimuuma kwa siku nne. Hakusema mapema kwa sababu nyumbani walidhani ni matokeo ya kukandwa maji ya moto. Mama yake akaongeza kuwa mguu huo ulikuwa umevimba hata viatu havikumwenea. Ulipopimwa kwa utepe, muundi wa kushoto ulikuwa umeuzidi wa kulia kwa sentimita 4.

Sitaki kisa hiki kisomwe kama hoja dhidi ya arobaini. Mapumziko baada ya kujifungua yana thamani yake, na wanawake wengi wanaolelewa vizuri na mama zao katika siku hizo hupona vizuri kuliko wale wanaorudi shambani baada ya wiki moja. Ila mzazi aliyefanyiwa upasuaji anatakiwa aambiwe kabla hajaondoka hospitali kwamba kukaa ndani si kulala siku nzima, kwamba atembee chumbani, na kwamba mguu mmoja uliovimba si jambo la kusubiri. Damu ya mwanamke huwa nyepesi kuganda tangu wakati wa mimba, maumbile yakimlinda dhidi ya kutoka damu nyingi wakati wa kujifungua, na hatari ya bonge la damu huwa kubwa kuliko wakati mwingine wowote katika wiki sita za kwanza baada ya mtoto kuzaliwa. Upasuaji na kulala huiongeza.

Kwa mzazi mwenye troponini iliyopanda, madaktari walikuwa na magonjwa manne ya kufikiria kwa uzito, na ni haki kueleza kwa nini hawakuyaacha hata baada ya kuuona mguu. La kwanza lilikuwa mpasuko wa ukuta wa mshipa wa koronari, ambao ndio sababu inayoongoza ya mshtuko wa moyo unaohusiana na uzazi, na ambao humpata mwanamke kijana asiye na presha, kisukari wala sigara, mara nyingi ndani ya mwezi wa kwanza. Ni kwa sababu ya ugonjwa huo kwamba ujana wa mgonjwa haukutosha kuiondoa hofu ya mshtuko wa moyo. Lililofuata ni udhaifu wa msuli wa moyo unaotokana na uzazi, ambao wahudumu wengi huuita tu moyo kutanuka, na ambao kila anayefanya kazi Afrika Mashariki ameuona. Huo hupandisha troponini kidogo na homoni ya NT-proBNP sana, lakini kwa kawaida huja na mapafu yenye maji, siyo mapafu safi. Uvimbe wa msuli wa moyo kutokana na virusi ulibaki kwenye orodha bila ushahidi wowote wa kuupa nguvu. Na bonge la damu kwenye mapafu lilikuwa limesimama mbele yao tangu usiku.

NT-proBNP ilirudi 2,340. Mtu akiisoma peke yake angeandika “moyo umeshindwa”, na angekuwa amerudia kosa la troponini kwa jina jingine. Homoni za kundi hili hutolewa na chembe za moyo zinaponyooshwa, na hazibagui kama ventrikali iliyonyooshwa ni ya kushoto au ya kulia. Figo zikichoka hupanda, mtu akiwa mnene hushuka kuliko inavyotarajiwa. Kwa mgonjwa huyu zilithibitisha kuwa moyo umebeba mzigo. Mzigo wenyewe ulikuwa bado haujatajwa.

Kuna aliyependekeza didaima, kipimo cha mabaki ya bonge kwenye damu, na pendekezo hilo lilikataliwa kwa sababu mbili. Kwa mzazi wa wiki mbili aliyefanyiwa upasuaji, didaima huwa juu hata kama hana bonge lolote. Na kwa mgonjwa ambaye uwezekano wa bonge ni mkubwa tangu mwanzo, jibu zuri lisingetosha kumwondolea shaka. Ukihesabu kwa vigezo vya Wells, ambavyo hukadiria kwa pointi uwezekano wa bonge la mapafu, mapigo yaliyozidi 100 yanampa pointi 1.5, upasuaji ndani ya wiki nne pointi 1.5, mguu wenye dalili pointi 3, na ukweli kwamba hakuna utambuzi mwingine unaomfaa zaidi pointi 3 nyingine. Jumla ni 9, na zaidi ya 6 tayari ni uwezekano mkubwa.

Ekokadiografia, yaani altrasaundi ya moyo, ilifanyika kitandani. Ventrikali ya kushoto ilibana vizuri, ikisukuma asilimia 62 ya damu yake, na hakuna sehemu ya ukuta wake iliyolegea kufuata eneo la mshipa mmoja. Hapo udhaifu wa msuli unaotokana na uzazi uliondoka mezani, kwa kuwa huo huhitaji ventrikali ya kushoto iliyoshuka chini ya asilimia 45, na mshtuko wa moyo ukapoteza nguvu yake kubwa. Ventrikali ya kulia, kwa upande wake, ilikuwa imetanuka hadi kuizidi ya kushoto, ikausukuma ukuta unaozitenganisha. Ukuta wake wa nje ulikuwa umelegea katikati huku ncha ikiendelea kubana, sura iliyoelezwa na McConnell na wenzake mwaka 1996. Shinikizo lililokadiriwa ndani yake lilikuwa milimita 52 za zebaki, nalo linafaa: ventrikali ya kulia ambayo haijawahi kubeba mzigo haiwezi kulipandisha shinikizo mbali zaidi ya 60 kwa siku moja, na likizidi hapo tunashuku ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu. Altrasaundi ya mguu ilionyesha bonge kwenye vena ya nyuma ya goti, na CT scan ya mishipa ya mapafu, iliyofanyika mchana huo, ikaonyesha mabonge kwenye matawi makubwa ya pande zote mbili.

Sasa ile 86 inaeleweka, na kile kidonge cha naitreti pia. Ventrikali ya kulia ina ukuta mwembamba kwa sababu kazi yake ya kila siku ni kusukuma damu kwenye mapafu yenye shinikizo dogo. Mabonge yanapoziba njia ghafla, inatanuka, ukuta wake unakazwa, na mahitaji yake ya oksijeni yanapanda wakati uleule ambapo oksijeni ya damu imeshuka na shinikizo linaloingiza damu kwenye mishipa yake ya koronari limepungua. Chembe zinaumia, troponini inavuja, ingawa mishipa ya koronari yenyewe ni mizima. Ventrikali iliyo katika hali hiyo huendelea kusukuma kwa kutegemea damu inayorudi kutoka kwenye vena. Naitreti hupanua vena na kuipunguza damu hiyo. Ukimpa mgonjwa wa namna hii umemnyima kile kidogo kilichomsimamisha. Shinikizo la 82/50 lilikuwa dalili iliyojieleza kwa sauti kubwa kuliko troponini, na halikugharimu chochote kulipima.

Namba hiyohiyo kwa mgonjwa mwingine

Inafaa kuiondoa 86 kwa mama huyu na kumpa mwanamume wa miaka 60 anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa sababu ya figo zilizoshindwa. Huyu pia amefika usiku akihema, lakini alikosa zamu yake moja ya kusafishwa, miguu yote imevimba na mapafu yana maji. Troponini T inasoma 86. Baada ya saa tatu 84. Baada ya saa sita 88. Wengi wa wagonjwa wa aina yake wana troponini T iliyozidi kikomo siku zao za kawaida, bila maumivu yoyote, kwa sababu ya msuli wa moyo ulionenepa kwa presha na mabadiliko mengine ya muda mrefu. Namba isiyosogea inasema jeraha lake ni la zamani, na anachohitaji usiku huo ni mashine ya kusafisha damu. Lakini haitakiwi kudharauliwa: mgonjwa wa figo ambaye troponini yake hukaa juu ana hatari kubwa zaidi ya kufa na ugonjwa wa moyo kuliko mwenzake ambaye yake iko chini. Na siku itakaposogea kutoka 86 hadi 140, mshtuko wa moyo urudi mbele kabisa ya mawazo, maana mgonjwa wa figo hupata mshtuko wa moyo kuliko watu wengi, na mara nyingi bila maumivu ya kifua. Ndiyo maana ningependa kila kitengo cha kusafisha damu kiwe na namba ya troponini ya kila mgonjwa akiwa mzima, imeandikwa kwenye kadi yake.

Kwa mwenye maambukizi makali ya damu, namba ileile huonyesha moyo unaoteseka pamoja na mwili wote, na hueleza ukubwa wa hatari kuliko chanzo. Kwa mkimbiaji aliyemaliza marathoni huweza kuonekana kwa muda mfupi kisha ikatoweka bila madhara. Mara chache kabisa namba yenyewe ni ya uongo, kwa sababu damu ya mtu ina kingamwili zinazokidanganya kipimo. Hilo hushukiwa pale troponini inapokaa juu, haisogei, na hakuna kitu kingine mwilini kinacholingana nayo.

Katika mazingira hayo yote neno “chanya” halisaidii. Limetoka kwenye vipimo vya haraka vya kadi, vinavyoonyesha mstari mmoja au miwili kama kipimo cha malaria, likahamia kwenye vipimo vinavyotoa namba ambako halina nafasi. Vipimo vyenye usikivu wa juu huiona troponini kwa zaidi ya nusu ya watu wenye afya kabisa. Kwa hiyo swali la kama ipo au haipo limekwisha. Maswali yaliyobaki ni iko ngapi, ilikuwa ngapi saa tatu zilizopita, na mgonjwa ana nini kingine. Ningeomba maabara ziandike namba, kikomo na saa ya kuchukuliwa damu, na madaktari wakataze neno hilo kwenye barua za rufaa, kwa sababu likishaandikwa husafiri na mgonjwa, na kila anayempokea huanza pale mwenzake alipoishia.

Matibabu na yaliyofuata

Aspirini na klopidogreli zilisitishwa, ingawa nguvu ya dozi ile moja kwenye chembe za kugandisha damu ingeendelea kwa siku kadhaa. Alianzishwa enoksaparini, sindano ya jamii ya heparini inayozuia damu kuganda, miligramu moja kwa kila kilo ya uzito kila baada ya saa 12, na kidonda chake kikaangaliwa kila zamu. Kilivuja damu kidogo siku ya pili, na himoglobini ikashuka kutoka 10.4 hadi 9.6, kisha ikatulia. Hiyo ndiyo gharama aliyoilipa kwa utambuzi wa kwanza. Kwa mwingine ingeweza kuwa kubwa zaidi.

Baada ya chanzo kujulikana, troponini ilipata kazi nyingine. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 huwapanga wagonjwa wa bonge la mapafu kwa hatari waliyo nayo, na mama huyu, mwenye mapigo ya 118, oksijeni chini ya 90, ventrikali ya kulia iliyoelemewa na troponini iliyozidi kikomo, aliangukia kundi la kati la juu. Shinikizo lilikuwa limeshuka kwa dakika chache tu, tena kwa dawa, hivyo hakuwekwa kwenye kundi la juu kabisa. Kundi lake linataka uangalizi wa karibu kwa siku mbili au tatu za mwanzo, dawa ya kuyeyusha bonge ikiwa tayari endapo shinikizo litaanguka, lakini isitolewe kabla. Utafiti wa PEITHO, uliochapishwa mwaka 2014 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 1,000, ulionyesha kuwa dawa hiyo ikitolewa mapema kwa kundi hili hupunguza vifo au kuanguka kwa mzunguko wa damu, vikihesabiwa pamoja, kutoka asilimia 5.6 hadi 2.6, lakini kiharusi hupanda kutoka asilimia 0.2 hadi 2.4. Kwa mwanamke aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wiki mbili zilizopita mizani ilikuwa wazi.

Troponini ilisoma 58 baada ya siku moja na 23 baada ya siku mbili. Katika mshtuko wa moyo wa kawaida namba ingeweza kubaki juu kwa wiki moja au zaidi. Katika bonge la mapafu kwa kawaida hupanda kidogo na kushuka mapema.

Swali lake mwenyewe, alipopata nguvu ya kuuliza, lilihusu mtoto. Alikuwa ameambiwa na mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba dawa zote hizo zitapita kwenye maziwa. Alielezwa kuwa rangi iliyotumika kwenye CT scan huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo mno na hakuna haja ya kuyakamua na kuyamwaga, kwamba heparini haimdhuru mtoto, na kwamba wafarini, kidonge cha kuzuia damu kuganda alichokuwa anaanzishwa, inaruhusiwa kwa anayenyonyesha. Ndiyo iliyokuwa sababu ya kuchagua wafarini badala ya vidonge vipya visivyohitaji vipimo vya mara kwa mara, ambavyo havishauriwi wakati wa kunyonyesha. Mtoto aliletwa wodini jioni hiyo.

Alirudi kliniki baada ya miezi mitatu, INR yake, kipimo cha nguvu ya wafarini kwenye damu, ikiwa kati ya 2 na 3, akipanda ngazi bila kuhema. Ventrikali ya kulia ilikuwa imerudi kwenye ukubwa wake. Alishauriwa kutotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, akachagua kitanzi cha shaba, na akaelezwa kwamba akitaka mtoto mwingine afike mapema, kwa sababu wafarini haifai mwanzoni mwa mimba na atahitaji sindano za heparini hadi wiki sita baada ya kujifungua. Alipotoa karatasi zake kwenye mfuko, ile ya juu kabisa ilikuwa bado imeandikwa “mshtuko wa moyo, troponini chanya”, na ndiyo aliyokuwa akiionyesha kila zahanati aliyopita. Ilikatwa kwa mstari mmoja unaoruhusu maandishi ya chini yasomeke, ikaandikwa juu yake: bonge la damu kwenye mapafu baada ya upasuaji wa kujifungua, jeraha la ghafla la ventrikali ya kulia, troponini T 86, 112, 58, 23, kisha tarehe na sahihi.